Niliingia kwa Jina la Kemunto

Nyanchwa, Kisii
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ukae, na uvae ile miwani niliyokuletea Krismasi, si ile ya zamani yenye mkono uliofungwa uzi. Najua ile ya zamani ndiyo unayoipenda. Vaa mpya.

Goti linasemaje? Je, unalipaka ile dawa au umeipa kuku? Na tembo, wameacha kuja kwenye mihogo, au bado mnapiga sufuria? Huku kwetu hakuna tembo, kuna mvua. Kila siku ikifika saa tisa mchana inakuja, na wakati mwingine inakuja na mawe ya barafu yanayopiga mabati hata usisikie mtu anayekusemesha. Ninapoifikiria Voi na vumbi lake jekundu naona kama Mungu aligawa maji akiwa amesinzia. Mwili wangu ni mzima, Mama. Nakula, navaa sweta, sikohoi. Ila moyo si mzima, na ndiyo sababu nimeandika barua badala ya kupiga simu. Ujumbe wa kuandika kwenye simu unasema unakuumiza macho, na wa sauti huwa unaufungua kwa kipaza sauti, Shangazi anausikia kabla yako. Hili sitaki Shangazi alisikie kwanza. Nimeifunga barua ndani ya paketi ya majani ya chai, atakuletea kijana wa ofisi ya mizigo.

Sasa nianze. Unajua kazi yangu: naitunza kompyuta ya maabara hapa mjini, ile kubwa moja inayohifadhi majibu ya damu na mkojo wa watu kutoka zahanati za huku na huku, mpaka Masimba, mpaka Nyamira. Nilikwambia kila mfanyakazi ana jina lake ndani ya mashine, na neno lake la siri, na folda yake kama chumba. Kitu ambacho sikuwahi kukuambia, maana sikuona kama kina uzito, ni kwamba mimi naweza kuwa mtu yeyote.

Nakueleza kwa muhuri, utaelewa. Unakumbuka ulipokuwa karani wa shule, mwalimu mkuu alikuachia muhuri wake kwenye droo yako? Ukiupiga, karatasi inasema mwalimu mkuu amekubali, hata kama yeye yuko Mombasa anakula samaki. Muhuri hauna macho, haujui ni mkono wa nani. Basi mimi ninao muhuri wa kila mtu. Katika mashine kuna mtumiaji mkuu anaitwa root, na funguo zake ninazo mimi peke yangu. Nikishakuwa root naandika herufi mbili tu, su, halafu jina la mtu, na hapo hapo mimi ni yeye. Siulizwi neno la siri. Mashine inanipisha kama askari anayemjua mwenye nyumba. Nikimaliza naandika exit, naacha kuwa yeye, narudi kuwa mimi. Ni kazi ya kawaida, kila fundi wa mashine hizi anaifanya. Mtu akisema kuna kitu kinamsumbua yeye tu, unakuwa yeye, unaona anachokiona, unatengeneza, unatoka.

Sasa kuna Kemunto. Nilikusudia kukuandikia habari zake kwa njia nyingine kabisa, Mama, na nilikuwa nimeanza kuzipanga kichwani. Yeye ndiye mtaalamu wa maabara anayethibitisha majibu. Matokeo ya wiki yote hukaa kwenye folda yake mpaka ayapitie, moja moja, kisha Jumapili anayatuma kwenye zahanati. Kwao ni Ekerenyo, upande wa Nyamira, kwenye chai. Ni Msabato, tena si wa jina. Anaongoza kwaya ya kanisa lao. Ijumaa jua likianza kushuka anafungasha vitu vyake, na hata ungemwambia mashine inaungua angekwambia izime kwa maji, mimi nimeenda. Tunakunywa chai pamoja saa nne, kila siku, kwa mama anayeuza ndizi za kuchemsha nyuma ya jengo. Ananifundisha kula chinsaga, mboga chungu ya huku, na kunicheka ninavyokunja uso. Wengine wote hapa, baada ya miaka miwili na zaidi, bado wananiita omogeni, mgeni. Yeye ananiita Mwadime.

Ijumaa moja, mwezi uliopita, alinijia mlangoni mkoba ukiwa begani tayari.

“Mwadime, printa imekataa jina yangu. Wewe ukiprinti inatoa. Mimi nikiprinti inanyamaza kama mtu amenuna.”

“Nitaangalia.”

“Angalia kesho basi. Na usinipigie. Unajua simu nazima.”

“Najua. Nenda, jua linakuacha.”

“Jua ya Kisii haiachi mtu, ni mvua inaniacha,” akasema, akaenda.

Jumamosi asubuhi nikaingia kazini peke yangu. Kutoka huku kwetu kilimani nilikuwa nimewaacha watu wamevaa nguo nyeupe wakipanda kwenda kanisani. Nikaketi, nikaingia kwa jina langu, nikawa root, nikaandika su na jina lake, nikawa Kemunto. Nikajaribu kuchapisha. Kimya. Nikatazama nikaona diski imejaa pomoni. Printa haina pa kuweka kazi zake. Ikabidi nitafute nafasi. Wakati huo simu ikalia, ni muuzaji wa wino, tukabishana kidogo, nikarudi kwenye kiti nikiwa nimekasirika. Na nikasahau kuandika exit.

Hapa ndipo utakapotaka kunizaba kofi, na una haki. Kwa kawaida mashine hukuandikia mwanzo wa kila mstari wewe ni nani. Jina lako linakaa pale mbele yako muda wote. Mimi nililiondoa. Niliona mstari umekuwa mrefu, unanichosha macho, nikaweka alama ndogo tu ya dola kwa watu wote, safi, inapendeza. Kwa hiyo nilipotazama kioo hakikuniambia chochote. Nikadhani mimi ni mimi. Nikaandika amri ya kurudi nyumbani kwangu, yaani kwenye folda yangu. Mashine ikanirudisha nyumbani, ila kwa Kemunto, kwa sababu ndiye niliyekuwa. Mle ndani kuna folda inaitwa matokeo. Hata kwangu kuna folda inaitwa matokeo, imejaa takataka za majaribio. Nyumba zote nilizijenga mimi, ramani moja, milango sawa, nikajisifu kwa utaratibu. Nikasema, hii nifute nipate nafasi. Nikaifuta.

Nafasi ilipatikana, Mama. Printa ikaanza kulia na kutoa karatasi, nami nikafurahi kama mjinga. Nikazima taa, nikaenda kununua parachichi.

Jumapili diski ikaanza kujaa tena. Kuna daftari ambalo mashine huandika yenyewe: nani ameingia saa ngapi, nani amegeuka kuwa nani. Daftari lile lilikuwa limenenepa. Sikuwa na habari ya msiba wowote, Kemunto alikuwa hajafika, kwa hiyo nikalifuta lote nipate pumzi. Saa mbili baadaye Kemunto akafungua folda yake atume majibu, na hakukuta kitu.

Nilisikia akiniita jina langu mara moja tu. Hakupaza sauti. Nikaenda, nikasimama nyuma ya kiti chake, nikaona, nikajua palepale nilichokifanya. Damu ya watu wa wiki nzima, Mama. Nakala ya akiba? Ilikuwa imekwama wiki tatu kwa sababu ya diski hiyo hiyo, na kuitengeneza kulikuwa kwenye orodha yangu ya kesho, ile kesho yangu unayoijua tangu nikiwa darasa la tatu. Watu walipigiwa simu warudi kutobolewa upya. Mama mmoja wa Masimba alirudi na binti yake mdogo mgongoni, mtoto akaanza kulia akiwa bado nje ya mlango, alipoona tu koti jeupe.

Nilimwambia Kemunto kabla sijamwambia mtu mwingine. Nilimweleza yote, tukiwa tumesimama penye sinki la kuoshea chupa.

“Kwa hivyo ulikuwa mimi,” akasema.

“Dakika chache tu.”

“Jumamosi.”

“Ndiyo.”

Akacheka. “Kumbe nilifanya kazi Sabato na sijui!” Kisha kicheko kikamtoka usoni, akakaa kwenye stuli, akaniuliza kama nimemwambia Daktari.

Daktari ndiye mwenye maabara. Si mtu mbaya, nataka ulijue hilo usije ukamwombea mabaya. Nilipoingia kwake tayari alikuwa na karatasi mkononi. Mashine ina daftari lingine dogo, kila mtu na lake, linaloandika amri zote alizopiga mwenye jina. Nililipanga mimi mwenyewe liandike na saa, na Daktari aweze kulisoma, kwa ajili ya usalama. Alikuwa amemwita fundi kutoka nje akamchapishia daftari la Kemunto. Amri zangu zote zimo mle, moja baada ya nyingine, kwa mwandiko wa mashine, chini ya jina lake.

“Mwadime, hii imeandikwa jina ya nani?”

“Ya Kemunto. Lakini ni mimi, Daktari. Nilikuwa nimegeuka kuwa yeye.”

“Saa ngapi hapa?”

“Saa tano na dakika kumi, Jumamosi. Alikuwa kanisani! Kanisa zima lilimwona.”

“Na simu haiendi kanisa siku hizi? Si wewe ulimwekea ile kitu ya kuingia kwa mashine akiwa nyumbani?”

“Nilimwekea. Lakini Sabato simu huwa anazima.”

“Nani aliona ikiwa imezimwa?” Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza. “Sawa. Tuseme ni wewe. Kuna mahali mashine inaandika kuwa uligeuka?”

“Ipo. Ilikuwepo.”

“Iko wapi?”

“Niliifuta.”

“Lini?”

“Jumapili.”

“Aaa,” akasema Daktari.

Ile “aaa” naisikia mpaka leo nikipiga mswaki. Akaniambia mimi ni kijana mzuri, ila ujana una mambo yake, na watu wanatuona tukinywa chai. Kuwa na moyo wa kumbebea mwanamke kosa ni jambo la heshima, akasema, lakini yeye anaongozwa na karatasi. Kama Kemunto hakufuta mwenyewe, basi alimpa mtu neno lake la siri, na hilo pia ni kosa la kufukuzwa. Nikamwambia mimi sihitaji neno la siri la mtu. Akasema, “Hiyo ndiyo unasema.” Nilipandwa na hasira, nikagonga meza yake, kalamu zikaanguka. Nikaziokota.

Niliandika maelezo kwa mkono, kurasa mbili, nikatia sahihi. Ameyaweka kwenye droo. Nikaandika barua ya kuacha kazi, akairudisha: nani ataiendesha ile mashine? Isitoshe nikiondoka na yeye akaondoka, mji wote utasema tumetoroka pamoja, na jina lake litaharibika mara ya pili. Barua nikairudisha mfukoni, kwa sababu ni kweli. Fundi yule wa nje nilimfuata, nikamsihi aeleze kwamba jambo hili linawezekana. Akasema linawezekana sana, ila yeye aliitwa achapishe, hakuitwa aeleze.

Kemunto alipewa barua ya kufukuzwa siku ya tatu. Mimi nikapewa onyo.

Si kazi iliyomuumiza zaidi. Habari ilipanda kilima kabla yake. Karatasi ya Daktari inasema Kemunto alikuwa akifanya kazi saa tano asubuhi siku ya Sabato, ilhali wakati huo alikuwa amesimama mbele ya kwaya akiinua mikono. Wazee wa kanisa walimwita, kwa upole, wakamwomba apumzike kuongoza mpaka maneno yatulie. Nilikwenda kwao pia. Nilipanda kile kilima na viatu vya kazini, nikawaambia ni mimi. Wakanisikiliza vizuri, wakanipa soda, wakasema wataliombea. Jumamosi iliyofuata nikiwa chumbani kwangu niliisikia kwaya ikiimba, na mimi si mjuzi wa nyimbo, lakini nilijua mtu mwingine ndiye anayeiongoza. Ilikuwa inaburuta.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu isipokuwa yeye. Ningeweza kuumaliza mchezo wote kwa dakika tano. Mimi ni root. Daftari nililolifuta naweza kuliandika upya: mstari mmoja tu, tarehe, saa, Mwadime amegeuka kuwa Kemunto. Ningesema nimeipata nakala mahali. Hakuna mtu hapa mjini angejua tofauti. Na Mama, ule mstari ungekuwa wa kweli! Ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno. Niliuandika. Niliutazama ukiwa kwenye kioo, mkono juu ya kitufe. Halafu nikampigia.

“Yaya,” akasema. Ndiyo hapana yao. “Usiandike.”

“Lakini ni ukweli, Kemunto.”

“Ukweli wewe ulifuta Jumapili. Hii ingine ni hadithi umetunga, hata kama inafanana.”

“Utarudi kazini. Utarudi kwaya.”

“Nitarudi na nini? Nikisimama mbele ya watu niimbe, mimi najua iliandikwa na nani. Na tena ina jina ya nani? Umeshika jina yangu mara moja, Mwadime. Inatosha.”

Nikaufuta ule mstari. Na hilo nalo nililifanya vizuri, kufuta nakuweza.

Jumapili iliyopita nikaenda Ekerenyo kwa wazazi wake. Sikutumwa, wala sikualikwa. Nilibeba sukari na mkate kama ulivyonifunza, nikachukua boda boda kutoka sokoni, tukapita katikati ya chai mpaka kwenye boma lenye migomba. Kemunto alikuwapo, akanisalimia kama mtu wa ofisini, akaingia jikoni kwa mama yake. Baba yake alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Ni mzee mfupi, ana mikono mikubwa, Kiswahili chake anakitoa polepole. Nikamweleza mambo ya mashine kwa ule mfano wa muhuri. Akasikiliza mpaka mwisho, akafuta panga kwenye nyasi.

“Unaona ile nyumba?” Akaonyesha nyumba ya mabati ya bluu, chini kidogo ya yake. “Ile ni ya kijana yangu mkubwa. Kiwanja nilimpa mimi. Mabati nilinunua mimi. Tangu aoe, sijawahi vuka mlango yake. Mvua ikinipata hapo, nasimama nje naita. Unajua kwa nini?”

“Ni heshima, Mzee.”

“Ni heshima. Sisi tunaita chinsoni. Baba haingii kwa nyumba ya kijana yake ameoa. Lakini fikiria vizuri. Nani anaweza nizuia mimi nikitaka kuingia? Kijana hawezi. Bibi yake hawezi. Boma ni yangu. Sasa mtu hakuna mwenye anaweza kumzuia, huyo ndiye anatakiwa ajizuie.”

Nikamwambia naomba msamaha. Hakusema amenisamehe, hakusema hajanisamehe. Alisema, “Kula kwanza.” Mama yake akaleta obokima, ugali wa wimbi, na chinsaga ile ile chungu. Nilikula yote bila kukunja uso, na Kemunto hakunitazama kuona kama nimekunja. Nilitamani acheke, Mama. Ningekula sufuria nzima kama ningejua atacheka.

Ndiyo, nampenda. Nililiandika hilo kwenye barua nyingine niliyokuanzishia mwezi wa kwanza, ile ya kukuomba uje Desemba na mjomba tuende kubisha hodi kwao kwa utaratibu. Ile barua sikuimaliza. Sasa nimeshaenda kwao peke yangu, na nilikwenda kama mshtakiwa.

Nimekuwa nikirudia yale maneno ya mzee kila nikiketi kwenye kile kiti. Nimelirudisha jina mbele ya mstari. Sasa mashine inaniambia mimi ni nani mpaka inachosha. Naandika exit mara tatu tatu, kama mtu anayejaribu mlango kama umefungika. Haisaidii kitu.

Alhamisi Daktari akaniita. Mwezi unakwisha, akasema, funga akaunti ya yule msichana. Hakuna mwingine wa kuifunga, funguo ziko kwangu. Nikarudi mezani nikakaa, mikono magotini. Ni kazi ya dakika moja, na ningeifanya bila yeye kujua, kama nilivyofanya ile nyingine. Nikatoka nje, penye ndizi za kuchemsha, nikampigia.

“Kemunto. Hodi.”

Nyuma yake nilisikia watu wakiongea Kigusii, nadhani walikuwa kwenye chai wanachuma.

“Unabisha hodi?”

“Nimeambiwa niifunge akaunti yako. Sitaki kuingia bila kukuuliza.”

“Na nikikataa?”

Nilitaka kusema uongo, lakini sikuweza. “Nitaingia tu. Nimeagizwa.”

“Basi hiyo si hodi. Hiyo ni kunijulisha.”

“Ndiyo,” nikasema. “Ni kukujulisha.”

Nilisikia akimimina majani kikapuni.

“Ingia, Mwadime,” akasema. “Hakuna mtu.”

Nikaingia. Nilikuwa yeye kwa mara ya mwisho. Folda yake ilikuwa tupu isipokuwa faili moja, maneno ya wimbo wa kwaya aliokuwa akiuandika, beti mbili, ubeti wa tatu haujaisha. Sikuyasoma maneno; niliona tu mahali palipokatika. Niliuhamisha kwenye diski ndogo, nitaupeleka Ekerenyo. Halafu nikatoka, nikaifunga akaunti, na kama inavyotakiwa nikajaribu kama kweli imefungika. Nikaandika zile herufi mbili na jina lake. Kwa mara ya kwanza tangu niwe na zile funguo, mashine ilinikatalia. Iliniandikia mstari mmoja tu, kwamba mwenye jina hili hapatikani.

Mama, uliwahi kunisimulia kwamba siku moja uliutoa muhuri kwenye droo ukampigia mtoto yatima barua ya uhamisho, mwalimu mkuu akiwa hayupo, kwa huruma tu. Ulisema ulijiona mkubwa kwa dakika moja, halafu ukaogopa mwaka mzima. Nilikuwa mdogo, nikacheka. Hukuniambia ulifanya nini mwaka ulipokwisha. Nataka kujua hilo. Niandikie, hata mistari miwili, kwa miwani yoyote utakayopenda.

Nisalimie Shangazi mwenye cherehani, ila barua usimpe; mwambie tu nimepungua kidogo kwa sababu ya baridi. Nisalimie Mjomba anayelinda geti la shamba la mkonge, mwambie ile safari ya Desemba niliyomdokeza asiishonee suti kwanza. Mpe pole mdogo wangu na tumbo lake la miezi saba, na mumewe umwambie achote maji yeye. Chai iliyomo kwenye paketi ni ya Ekerenyo. Mama yake Kemunto alinipa nilipokuwa natoka, akanifuata mpaka njiani kunipa, na sijui hata sasa nilistahili vipi. Ipike na maziwa mengi.

Ni mimi, si mtu mwingine, na kwa mkono wangu mwenyewe,

mwanao,
Mwadime